Kalamu na Vitu Vipoteavyo: Habari za Uchoraji wa Elimu Katika Nchi ya Ngorongoro

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hupendwa na wafanyabiashara, lakini yawafaa wanachuoni vilevile, maana elimu nayo ni mali, na sehemu kubwa ya mali hiyo imo katika vitu visivyodumu. Ua hunyauka, uyoga huoza, rangi iliyopakwa juu ya mwamba hufifia, na wayo uliokanyagwa majivuni husombwa na mvua ya kwanza. Daftari la vitu hivi kwa karne nyingi lilikuwa mchoro. Katika makala haya nataka kueleza sanaa ya kuchora vitu vya asili kwa uangalifu na kwa kipimo, kwanza kwa mfano wa uyoga, ambao ni mtihani mgumu kuliko yote, kisha kwa kuifuata sanaa hiyo mpaka Ngorongoro, ambako ilitumika kuandika habari za kale kabisa za binadamu. Hoja yangu ni kwamba mchoro wa namna hii si pambo la kitabu. Mchoro ni ushahidi. Na kama ulivyo ushahidi wowote, thamani yake yategemea nani aliona, aliangalia kwa muda gani, na daftari limewekwa wapi.

Mchoraji wa kawaida huchora ili kupendeza au kugusa moyo. Anaweza kuukuza mti, kuupunguza mlima, na kuliongezea jua wekundu, wala hapana atakayemshtaki. Mchoraji wa elimu hana uhuru huo. Hapana budi apime urefu wa shina, ahesabu majani, na aonyeshe jinsi kila kiungo kinavyoshikana na kingine. Lakini asidhani mtu kwamba kazi yake ni ya kuiga tu. Kila mstari anaoutia ni uamuzi: hili ni umbo la kudumu la kiumbe, lile ni jeraha la bahati mbaya, hii ni rangi yake, ile ni tope. Asiyejua hawezi kuamua, na asiyeamua hawezi kuchora. Ndiyo maana watu wengi walioanza kama wachoraji waliishia kuwa wanachuoni.

Msafiri atokaye Karatu kupanda Ngorongoro hupita mashamba ya Wairaqw, ya ngano, mahindi na maharage, kisha huingia katika msitu wa ukingo wa kasoko, mahali pa ukungu na ubaridi, ambapo matawi huning'inia ndevu za mimea midogo. Baada ya mvua uyoga huchomoza katika magogo yaliyooza na katika majani yaliyoanguka. Saa chache huutosha kufunguka, na siku chache huutosha kuisha. Mmea waweza kukaushwa na kubanwa baina ya karatasi, na miaka 100 baadaye umbo lake likatambulikana. Uyoga ukikaushwa hujikunja, rangi yake hutoweka, harufu hupotea, na hubaki kitu kama kipande cha ngozi kuukuu. Kwa hiyo aliyetaka kuuhifadhi uyoga kama ulivyokuwa asubuhi ile alilazimika kuuchora asubuhi ile ile.

Kazi yenyewe ina kanuni zake. Uyoga huchorwa ukiwa mzima, tena huchorwa mwingine mchanga na mwingine uliokomaa, kwa kuwa sura hubadilika kwa umri. Hukatwa kwa kisu toka juu mpaka chini ili kuonyesha kama shina ni tupu ndani au limejaa, na jinsi zile pindo nyembamba zilizo chini ya kofia, zilizopangika kama kurasa za kitabu, zinavyoshikana na shina. Kofia hulazwa juu ya karatasi usiku kucha ili idondoshe spora zake, yaani ule unga laini ambao ndio uzazi wake. Asubuhi rangi ya unga huo huandikwa. Mwisho spora zenyewe hutazamwa kwa hadubini na kuchorwa kwa ukubwa wa mara mia kadha. Na kando ya yote hutiwa kipimo, ili msomaji ajue kama kitu kile kina ukubwa wa kidole au wa sinia.

Msomaji huenda akauliza: uangalifu wote huu wa nini? Jibu liko mezani. Katika jamii ya uyoga iitwayo Amanita wamo wanaoliwa na wamo wanaoua. Sumu ya wauaji hao huharibu ini, na dalili zake hukawia saa nyingi, hata mlaji adhani amesalimika. Alama moja kubwa ya jamii hiyo ni kikombe kilicho chini ya shina, mara nyingi ndani ya udongo. Mtu akiukata uyoga kwa kisu usawa wa ardhi, ameiacha alama shimoni. Na mchoraji akichora kile tu kilicho juu ya ardhi, amechora nusu ya ukweli ambayo ni hatari kuliko uongo. Vivyo hivyo uko uyoga mmoja wa nyasini, wenye kofia nyeupe na magamba, upatikanao Afrika ya Mashariki na nchi nyingi za joto. Kwa macho hufanana na uyoga mwema, lakini huwaletea walaji matapishi na kuhara. Hujulikana kwa jambo moja ambalo halikosei: unga wa spora zake ni wa kijani. Picha isiyoeleza habari ya unga huo haimsaidii mlaji hata ikiwa nzuri namna gani.

Katika historia ya sanaa hii Ulaya, mfano unaostahili kukumbukwa ni wa Beatrix Potter, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1866, ambaye ulimwengu wamjua kwa hadithi zake za sungura. Kabla ya hadithi hizo alichora uyoga kwa miaka mingi. Huko Scotland alikutana na tarishi wa posta, Charles McIntosh, mtu asiye na cheo cha chuo lakini aliyeijua misitu ya kwao. Alipoiona michoro ya yule binti, tarishi alimshauri aonyeshe pindo za chini na mkato wa ndani, kwani uzuri peke yake hautoshi kuutambulisha uyoga. Ushauri huo ulimgeuza mchoraji akawa mchunguzi. Mwaka 1897 aliandika makala juu ya kuota kwa spora, ikapelekwa mbele ya Linnean Society ya London. Walakini hakuisoma mwenyewe, maana wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria. Makala ile haipo tena. Michoro ipo, katika mji wa Ambleside, na mwaka 1967, miaka 24 baada ya kufa kwake, zaidi ya 50 kati yake ilipigwa chapa katika kitabu cha uyoga kwa ajili ya wasomaji wa kawaida. Maneno yalipotea, kalamu ya picha ikabaki.

Karibu na kwetu, nchini Kongo, kazi kama hiyo ilifanywa na Bibi Goossens-Fontana, ambaye alikusanya uyoga wa msituni na kuupaka rangi ungali mbichi. Wataalamu wa Ubelgiji waliutumia ushahidi wake katika mfululizo wa vitabu vya picha za uyoga wa Kongo, ulioanza kutolewa mwaka 1935 na bustani ya mimea ya serikali mjini Brussels. Aina nyingi za uyoga wa Afrika ya Kati zilipata majina ya kisayansi kwa njia hiyo. Twaona hapa mambo mawili kwa pamoja: faida ya mchoro, na safari yake. Uyoga ulikuwa wa Kongo, na bila shaka wenyeji waliujua na kuuita kwa lugha zao, lakini daftari lilikuwa Ulaya.

Tanzania ilichelewa kupata daftari lake. Mwaka 2003 kilitoka kitabu cha uyoga wa Tanzania kilichoandikwa na Marja Härkönen na Tuomo Niemelä, wote wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watafiti hawa hawakutosheka na kuokota. Waliuliza wanakijiji majina na matumizi ya kila aina. Mwaka 1994 aina moja ya uyoga wa vichuguu ilikuwa imekwisha kupewa jina la Singida, mkoa ambao haukai mbali na Karatu. Uyoga wa vichuguu wenyewe ni ajabu ya asili: mchwa huulima ndani ya kichuguu, nao hupeleka juu shina refu lipitalo udongoni mpaka litoke na kufungua kofia yake. Mkubwa kuliko wote, ambao kofia yake yaweza kukaribia upana wa meta moja, haukupata jina la kisayansi mpaka mwaka 1980, kutoka Zambia, hali watu walikuwa wameula tangu zamani. Lisiloandikwa laweza kujulikana na wengi, na bado likahesabiwa kuwa halijulikani.

Uhusiano wa mchwa na uyoga ni wa kale sana. Katika bonde la Rukwa zimeonekana bustani za uyoga za mchwa zilizogeuka mawe, zenye umri wa miaka kama milioni 25. Huko Laetoli, ndani ya eneo la Ngorongoro, vimeonekana viota vya mchwa vilivyogeuka mawe vilevile. Nyumba ya mchwa imedumu. Kofia nyororo ya uyoga haikubaki. Hapo ndipo sanaa yetu inapovuka kutoka msituni kwenda nyikani, maana mchimbaji wa mambo ya kale ana shida ile ile ya mchora uyoga: kitu chake huharibika mara kinapoonekana. Udongo ukiisha chimbwa haurudi kama ulivyokuwa. Jiwe likitolewa mahali pake limepoteza nusu ya habari yake, ila kama mahali pale pamechorwa kwanza.

Mtu aliyeijua shida hiyo kuliko wengi ni Mary Leakey. Alizaliwa London mwaka 1913 kwa jina la Mary Nicol, binti wa mchora picha. Utotoni baba yake alimchukua kusini ya Ufaransa kutazama mapango yenye michoro ya kale. Shule hazikumweka, wala hakupata shahada kwa masomo ya chuo. Alichokuwa nacho ni mkono uliofunzwa. Alichora zana za mawe zilizochimbwa Uingereza, na kwa sifa ya michoro hiyo akatakiwa na Gertrude Caton-Thompson kuchora zana za Fayum, Misri, kwa kitabu kilichotoka mwaka 1934. Mwaka ule ule michoro yake ilitokea katika kitabu cha Louis Leakey. Mwaka 1935 alifika Olduvai, na baadaye wakaoana. Kalamu ndiyo iliyomfungulia mlango wa elimu, kama ilivyomfungulia Beatrix Potter. Tofauti ni kwamba yeye mlango haukufungwa usoni pake.

Korongo la Olduvai lina somo lake katika jina. Wamaasai huita oldupai ule mkonge wa mwituni uotao pale. Wageni wa Ulaya walilisikia jina vibaya, wakaandika Olduvai, na kosa la sikio likakaa katika ramani na vitabu vyote. Kalamu huhifadhi kosa kwa uaminifu ule ule inaohifadhi ukweli.

Mawe ya Olduvai yalichorwa kwa kanuni zinazofanana sana na zile za uyoga. Mwanga huchukuliwa kuwa watoka juu upande wa kushoto, ili wasomaji wote waelewe kivuli kwa namna moja. Jiwe huonyeshwa uso, ubavu na mkato. Mistari iliyopinda ndani ya kila kovu huonyesha pigo lilitoka upande gani, hata mtazamaji aweza kufuata, pigo kwa pigo, kazi ya fundi aliyekufa karibu miaka milioni mbili iliyopita. Asiyeelewa jinsi jiwe linavyopasuka huchora kokoto tu. Katika kitabu kikubwa cha Bibi Leakey juu ya tabaka za chini za Olduvai, kilichotoka mwaka 1971, kila sakafu iliyochimbwa ina ramani inayoonyesha mahali pa mifupa na mawe. Mashimo yale yamekwisha. Ramani zile ndizo sakafu zenyewe sasa.

Lakini kazi yake iliyo karibu zaidi na ya mchora uyoga aliifanya Kondoa, kusini ya Karatu, mwaka 1951. Miamba ya huko ina picha nyekundu za pofu, twiga, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya mviringo. Jua, upepo, maji na mikono ya watu zilikuwa zikizifuta. Kwa miezi mitatu Bibi Leakey na wenzake walitembelea mahali 186, wakachagua 43 palipokuwa na picha za kunakilika, wakanakili picha kama 1600. Waliweka karatasi angavu juu ya mwamba, wakafuata kila mstari kwa ukubwa wake halisi, kisha wakauhamisha juu ya karatasi ya kuchorea na kulinganisha rangi. Kwa kuwa picha moja mara nyingi imepakwa juu ya nyingine, mwenye kunakili alilazimika kuuliza kila mara: mstari huu ni wa nani, wa mnyama wa chini au wa mtu wa juu? Kitabu cha kazi hiyo kilitoka miaka 32 baadaye, mwaka 1983, na jina lake laeleza kwamba sanaa hii ya Afrika inatoweka. Mwaka 2006 miamba ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, lakini kuingizwa katika orodha hakurudishi rangi iliyokwisha kufutika.

Hapa msomaji mwenye busara ataleta pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba kamera yaweza kufanya yote haya kwa dakika moja. Ni kweli kuwa kamera haichoki wala haipendelei, na hakuna mtafiti wa leo anayeiacha. Walakini kamera huchukua kitu kimoja mahali pamoja, pamoja na tope lake na kivuli chake. Haiwezi kuukata uyoga na kuuonyesha mzima katika umbo moja, wala haiwezi kusema kovu lipi la jiwe lilitangulia jingine. Picha ya kamera ni malighafi ya ushahidi; mchoro ni ushahidi uliokwisha kufikiriwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ikiwa mchoro umefikiriwa, je, haubebi mawazo ya mchoraji hata pasipostahili? Waubeba, na Kondoa ina mfano wake. Katika eneo la Kolo kuna picha ya watu watano, wa katikati akivutwa mikono na wale wa pande mbili, baadhi yao wakiwa na vichwa vya ajabu kama vinyago. Bibi Leakey aliona kwamba ni mwanamke anayetekwa. Wataalamu wa baadaye walioichunguza michoro ya Kondoa waliona dalili za ngoma ya uganga, na kwao yule wa katikati huenda anashikiliwa katika hali ya kupandwa. Maana imebishaniwa, lakini walioipinga tafsiri yake waliweza kutumia nakala yake. Shahidi mwema ni yule ambaye maneno yake yaweza kutumiwa hata kinyume cha rai yake. Laetoli ilishuhudia jambo kama hilo. Mwaka 1978 kundi la Bibi Leakey lilivumbua pale nyayo za viumbe wa jamii yetu waliotembea juu ya majivu ya volkano kabla ya miaka milioni 3.6. Nyayo nyingine chache, zilizoonekana tangu mwaka 1976 mahali pa karibu, zilikuwa na umbo la kigeni, hata wengine wakadhani ni za dubu. Zilichimbuliwa tena mwaka 2019, na mwaka 2021 watafiti wakatangaza kwamba nazo ni za kiumbe wa jamii ya binadamu.

Limesalia swali la mwenye kalamu. Katika habari zote nilizoeleza, macho yaliyoona kwanza mara nyingi yalikuwa ya wenyeji wa Afrika. Mwaka 1968 fuvu mashuhuri la Olduvai lilionwa na Peter Nzube. Uyoga wa Tanzania ulitambuliwa na wanakijiji kabla haujafika katika kitabu. Msomi wa Ulaya alileta kalamu, na kwa kuwa kalamu ndiyo iliyobaki, jina lake ndilo lililobaki. Hili si jambo la kumlaumu Bibi Leakey, aliyeifanya kazi yake kwa uaminifu mpaka uzeeni na kufariki Nairobi mwaka 1996. Ni jambo la kutufundisha sisi. Profesa Fidelis Masao aliifahamu michoro ya miamba ya Tanzania ya kati, akaitolea kitabu mwaka 1979. Tena yeye ndiye aliyewaongoza Watanzania na wenzao wa Italia waliotangaza mwaka 2016 nyayo mpya za Laetoli, karibu na zile za kwanza. Aliona, akapima, akaandika. Jicho na kalamu vilikuwa vya mtu mmoja.

Katika shule zetu nyingi uchoraji huhesabiwa kuwa mchezo wa wasioweza hesabu, na katika masomo ya viumbe mwanafunzi hunakili mchoro wa kitabu badala ya kuchora kitu kilicho mbele yake. Hiyo ni hasara. Mwanafunzi wa Karatu aliyepewa uyoga mmoja wa msitu wake, penseli, kisu na kipimo, akaambiwa aandike pia jina ambalo bibi yake huuita kwa Kiiraqw, atajifunza kwa asubuhi moja kuangalia, kutilia shaka na kuamua, mambo ambayo kitabu hakiwezi kumfunza kwa mwaka. Tena atakuwa ametia mstari katika daftari lisilo na ukurasa wake bado. Uyoga ule utakuwa umeoza kabla ya Ijumaa, na bibi naye hatadumu milele. Kilichokuwa kinajulikana kwao wawili kitakuwa kimepata mahali pa kukaa.